Klia Iliyoua Kioo

Kazi ya tangi lile la pikipiki, ambayo wapenzi wa rangi tuliitazama juma lililopita tangu msasa wa kwanza hata tamati, ilikuwa kazi njema mpaka pale fundi, akiwa amekwisha kupata kioo kinachomrudishia mtu sura yake pamoja na nyusi zake, alipojaza klia, ile rangi angavu ya kinga, katika bunduki ya kupulizia rangi na kukimwagia kioo kile tabaka zito, lililolowa. Na maadamu wako waliompigia makofi, naona ni wajibu kusema bayana kwamba hapo ndipo alipoiua kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Yaliyotangulia hayana taksiri: weusi wa chini uling'aa, msasa wa maji namba 2000 ulipita kwa utulivu, presha aliishusha hadi paundi 15, na kromu aliipiga kwa mipito myepesi.

Lakini klia ile! Kila ashikaye bunduki anajua kwamba rangi ya kromu si kromu, bali ni vipande vya alumini vyembamba mno vilivyoelea katika thina nyingi, ambavyo thina ikishapeperuka hujilaza bapa juu ya weusi, kama magamba ya samaki, na ni kwa kulala huko tu ndipo nuru inaporudi nzima. Klia ya thina kali, ikimwagwa ilhali rangi haijapata hata siku moja ya kukauka, huilainisha upya gundi inayovishika vipande hivyo, navyo vikainuka, kila kimoja kikatazama upande wake, na nuru ikatawanyika. Tuliyaona wenyewe: taa ya mrija iliyokuwa juu ya kichwa cha fundi, ambayo ndani ya tangi ilionekana mstari mmoja mweupe wenye kingo kali, ilianza kufifia karibu na kifuniko, ikatanuka, ikapoteza kingo zake, hata pakabaki rangi ya fedha ya kawaida, ile ambayo gari lolote huipata kiwandani.

Watetezi wake wanasema tangi lisilo na klia halistahimili petroli inayomwagika wala viganja vya mpandaji. Ni kweli, na kwa sababu ni kweli, hoja hiyo ilipasa kupimwa kabla ya kulichagua tangi, au angalau kromu iachwe ikauke siku nzima na zaidi, kisha ipigwe klia yenye hadina (dawa ya kuikaza), vumbi jepesi, tabaka mbili tatu kavu, kabla ya mtu kuthubutu kulowesha, na hata hapo mwenye tangi angestahiki kuambiwa mapema kwamba kioo chake kitapungua.

Nimelisema hili zamani na sitachoka kulisema: mafundi wa siku hizi wanadhani klia ni baraka juu ya kila kitu. Ni matatu ngapi za Nairobi ambazo maandishi yake mazuri ya mkono yamegeuka manjano chini ya klia rahisi iliyopigwa kwa pupa!

Waliotutangulia hawakuwa na pupa hiyo. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alionyesha jinsi fedha inavyoweza kutolewa katika maji ya chumvi zake ikatanda juu ya kioo, na zaidi ya miaka 20 baadaye Léon Foucault, huko Paris, akaitandaza upande wa mbele wa vioo vya darubini zake, ikapokea nuru bila kizuizi. Na ikawa desturi ya wenye darubini, fedha ilipochujuka kwa hewa, kuifuta na kuitandaza upya, maana walijua ni kipi kilichokuwa na thamani.

Na lau fundi wetu alikuwa na azma ya kupiga klia kwa hali yoyote, njia ya Liebig ingali hai, nayo leo hupigwa kwa bunduki ya midomo miwili, mmoja wa maji ya fedha na mmoja wa dawa ya kuitoa fedha hiyo, zikikutana juu ya weusi uliokwisha kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuandaliwa kwa chumvi ya bati. Fedha hiyo hutanda tabaka moja lililoshikana, haina vipande vya kuinuka, kwa hiyo huivumilia klia ipasavyo. Ni kazi ya gharama na ya subira, lakini ndiyo iliyolistahili tangi lile, ambalo sasa halina budi kupigwa msasa mpaka kwenye weusi wake.