"Lord": mlinzi wa mkate

Neno "lord", ambalo Waingereza hulitumia kwa mkubwa mwenye cheo na kwa Mungu mwenyewe, lina asili ya kushangaza. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa "hlaford", nalo latoka katika maneno mawili: mkate na mlinzi. Mkubwa ni yule alindaye mkate wa nyumba. Na mtu wake? Katika sheria za Ethelbert, mfalme wa Kent aliyempokea Mtakatifu Augustino mwaka 597, yeye aitwa "hlafæta", yaani mla mkate. Aliyemwua mla mkate wa mtu huru alilipa shilingi 6. (Kama watu wale wangalikula bukari kama sisi, labda leo tungesoma habari za mlinzi wa bukari.)

Kutoka hapo wahubiri wengine huruka upesi: "lord" ni mlinzi wa mkate, Kristu ni Mkate wa uzima, basi kila Mwingereza asemaye "Lord" aungama Ekaristia. Hoja hiyo yapendeza masikio, lakini sisi hatuikubali. Wakristu wa kwanza wa Uingereza, wakifasiri "Dominus" ya Kilatini, kwa kawaida waliandika "dryhten", neno la jemadari na askari zake. "Lord" lilishika mahali pake baadaye, sauti zake zikiwa zimekwisha kulika, wala mkate hausikiki tena ndani yake.

Tena "Lord" lafuata "Dominus", na "Dominus" lafuata "Kyrios" ya Kigriki, iliyosimama mahali pa Jina takatifu ambalo Wayahudi hawakulitamka. Wao walisoma "Adonai". Sasa, "Dominus" latoka katika nyumba, "Kyrios" katika nguvu, "Lord" katika mkate. Tukifuata mizizi tu, tutapata mabwana watatu! Sisi wa Kongo twalijua jambo hili vizuri: wakati wa ukoloni mkubwa wa serikali na mkubwa wa kazi waliitwa "bwana", na jioni Mkristu alisali "Ee Bwana" bila kuwafikiria hao hata kidogo. Katekista alikuwa amemfundisha neno hilo kwa habari za Pasaka, si kwa kamusi.

"Lady" nalo, ambalo Waingereza humwitia Bikira Maria, lilikuwa "hlæfdige", mwanamke akandaye mkate. Mfano huo twaupenda zaidi. Katika mahubiri ya Noeli, kwa kuwa Betlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, waweza kufaa sana; katika mtihani wa teolojia, hapana.