Baiskeli ya Kiwia na Vilima vya Karagwe

Kama umewahi kushuka kwenye basi pale Omurushaka, njia panda ya kwenda Kyerwa, basi umewaona: vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi mpaka usukani wenyewe hauonekani. Wanasukuma, hawaendeshi. Shika hilo neno, tutalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike uhakiki huu wa mtu ambaye hata si wa huku kwetu.

Mtu huyo ni Bernard Kiwia wa Arusha. Wanafunzi wanaotuuliza "nawezaje kuwa mbunifu wa bidhaa hapa Tanzania?" mara nyingi hutarajia tuwatajie mtu mwenye ofisi ya vioo na kompyuta kubwa. Mimi huwatajia fundi baiskeli. Kiwia alikuwa fundi na mwalimu wa ufundi kabla ya mwaka 2008, alipohudhuria mkutano wa kimataifa wa ubunifu kwa maendeleo ulioandaliwa na Amy Smith na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani. Aliporudi alianza kutengeneza: chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli, msumeno wa chuma wa kukanyaga pedeli, pampu ya maji ya upepo, hita ya maji ya jua. Baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Twende, karakana ya Arusha ambako wanafunzi, wakulima na mafundi hujifunza kutengeneza vifaa vyao wenyewe.

Sasa, tumsome kama tunavyosoma kazi ya msanii, kwa kuangalia anachokitumia. Kiwia anaitazama baiskeli kama ghala la vipuri. Hebu fikiria ugumu wa kutengeneza gololi kwenye karakana ya kijijini. Haiwezekani, bwana. Gololi inataka chuma kigumu, cha mviringo kamili, zote zilingane kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele. Lakini kwenye kila ekseli ya baiskeli chakavu zimo, tena bei yake ni ya chuma chakavu. Ongeza cheni, ambayo ikitunzwa vizuri na kupakwa mafuta hupoteza sehemu ndogo sana ya nguvu inayoisafirisha. Ongeza gia, spoki, rimu. Yaani kiwanda cha mbali kimeshafanya kazi yote ya vipimo vidogo, na wewe fundi unabaki na kazi ya kukata, kuinamisha na kuchomelea. Kwa jicho langu hilo ndilo wazo lake bora kabisa, na ni wazo la kisayansi: usihangaike na usahihi usioweza kuutengeneza, uokote pale ulipotupwa.

La pili ni kwamba kinachoharibika kinatengenezeka palepale. Fundi yeyote wa Nkwenda au Kayanga anaijua cheni ya baiskeli. Hahitaji kitabu cha maelekezo.

Mpaka hapo namsifu bila kusita. Lakini uhakiki bila hesabu ni maneno matupu, kwa hiyo tupige hesabu mbili.

Chukua chaja ya simu. Dainamo ya kawaida ya baiskeli hutoa wati 3 hivi. Umeme wake ni mkondo geu, kwa hiyo unapitishwa kwenye daiodi ili uelekee upande mmoja, halafu unashushwa kufikia volti 5. Njiani sehemu kubwa hupotea kama joto. Tuseme wati 2 zinafika kwenye simu. Betri ya simu ndogo, hizi tunazoziita kitochi, inabeba takriban wati-saa 4. Kwa hiyo unaendesha saa mbili ndipo ijae. Kwa mtu wa tambarare anayeendesha baiskeli kila siku kwenda kazini, umeme huo ni wa bure kabisa, na ubunifu ni mzuri. Lakini paneli ndogo ya sola ya wati 10, ikipata jua zuri la saa nne tu, inakusanya wati-saa 40, na wewe umelala. Paneli zilipokuwa ghali, chaja ya Kiwia ilikuwa na maana kubwa. Zilipoanza kuuzwa kwenye maduka ya kawaida, maana hiyo ilipungua, na hakuna kosa la fundi hapo. Bei ya kitu kingine ilibadilika. Mbunifu anayeanza leo anapaswa kujua kwamba mshindani wa kifaa chake anaweza kuwa anatengenezwa China wakati yeye bado anachomelea.

Hesabu ya pili ndiyo ya kwetu. Kijana wa Omurushaka ana kilo 100 za ndizi, baiskeli ya kilo 20, na mwili wa kilo 60. Jumla 180. Kupanda kilima chenye kimo cha mita 100 kunahitaji kama jouli 176,000, hata kabla hujahesabu msuguano wa barabara ya vumbi. Mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hivi kwa muda mrefu bila kuzimia. Gawanya: karibu dakika 40. Sawa, inawezekana. Lakini kwenye mteremko wa asilimia 8 nguvu hiyo inakupa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, polepole kuliko bibi anayekwenda kisimani, na baiskeli inayokwenda hivyo inaanguka. Ndiyo maana wanasukuma. Nimewaona wengine wakifunga kijiti kwenye usukani ili waongoze wakiwa wamesimama pembeni ya mzigo, na wengine wakiongeza vyuma kwenye uma wa mbele. Baiskeli ya Karagwe imegeuzwa mkokoteni, na waliofanya hivyo hawakuhudhuria mkutano wowote.

Unaona tatizo linakokwenda? Vifaa vinavyotegemea pedeli vimejengwa juu ya dhana kwamba kuna mtu amekaa kwenye tandiko na miguu yake ina nafasi. Huku kwetu baiskeli ina kazi nyingine, na ile ya kupanda watu imeshachukuliwa na bodaboda.

Najua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza niliiga mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli, aina iliyokuwa ikitengenezwa na kuuzwa kutokea Arusha. Nikaipeleka kwa bibi yangu, Kyerwa, nikiwa na kichwa kikubwa. Akaitazama, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiki kinataka mtu akae juu yake siku nzima?" Nikamwambia ndiyo bibi, ila kazi inakwisha haraka. Akasema, "Na huyo mtu unaniletea na yeye?" Wajukuu wadogo walikanyaga pedeli kwa furaha siku moja. Siku ya pili walikuwa shuleni. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba bibi hupukuchua jioni, amekaa, pamoja na jirani zake wawili, wakizungumza. Kelele ya mashine yangu iliua mazungumzo, na muda niliookoa haukuwa muda aliokuwa akiulilia.

Nikilipima kosa hilo kwa falsafa ya Kiwia mwenyewe, naona nilikwenda kinyume naye huku nikidhani namfuata. Njia inayofundishwa kwenye karakana kama yake huanza na mtu mwenye tatizo, kisha mfano wa haraka wa kadibodi au mabaki, kisha mtu huyo anaushika na kuulaumu, kisha unarekebisha, unarudia. Mimi niliazima jibu la Arusha, nikaruka swali. Wengi wanaomwiga Kiwia wanaiga mashine zake, na mashine ndizo sehemu ya kazi yake inayosafiri vibaya zaidi.

Hata hivyo sitaki kumwachia kirahisi. Ushauri maarufu kwa wanaoanza, "anza na tatizo la kijijini kwako, tumia vilivyopo", una pengo. Ukitumia vyuma chakavu, kila mashine inakuwa ya pekee, kwa sababu bomba ulilookota leo halilingani na la kesho. Kipuri cha mashine ya kwanza hakiingii kwenye ya tano. Ili kitu kiwe bidhaa unahitaji mchoro wenye vipimo, kishikizo cha kuchomelea kinachofanya fremu zote zifanane, na bei inayomlipa fundi muda wake. Hapo ndipo ubunifu wa viwandani unapotofautiana na ufundi hodari, na hapo ndipo wabunifu wetu wengi husimama: mfano mmoja, picha na mgeni rasmi, cheti, basi. Tuna SIDO tangu 1973, na MAKISATU yanaibua vipaji kila yanapofanyika. Ningependa kuona mashindano na karakana zote zikiulizwa swali moja: vifaa vingapi bado vinafanya kazi miaka mitatu baadaye, nje ya mikono ya aliyevibuni?

Kiwia mwenyewe ameelekeza nguvu kwenye kufundisha. Unaweza kulisoma hilo kama kukwepa swali la kiwanda. Mimi nalisoma kama jibu la nusu, tena nusu iliyo ngumu, maana mtu aliyefundishwa anaweza kuangalia kilima chake mwenyewe.

Na Karagwe ina vya kuangalia. Chukua mtumbwi wa kukamulia ndizi, ule gogo lililochongwa ambamo wanaume hukanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi kupata juisi ya rubisi. Mtu mwenye haraka ataona uchafu na kuleta blenda. Blenda inakupa uji mzito usiochujika. Kinachotenganisha juisi na nyama ya ndizi ni kukandwa taratibu, nyasi zikishika nyuzi na kuacha njia ya kupita majimaji, na aina zenyewe za ndizi za pombe zenye tanini nyingi. Anayetaka kubuni mashine hapo abuni kukanda, asibuni kukata.

Au majiko. Mavuno Project ya hapa Karagwe, pamoja na Wahandisi Wasio na Mipaka wa Berlin, walifanyia kazi majiko yanayogeuza mabaki ya mimea kuwa gesi. Jiko la namna hiyo hujazwa mara moja na kuwashwa kutokea juu, linawaka safi, na mwisho linabakiza mkaa. Shida yake unaweza kuibashiri ukiwa mpishi wa maharage: yanataka saa kadhaa, na kuongeza kuni katikati si rahisi. Ila watafiti, akiwemo Ariane Krause, waliufuata ule mkaa uliobaki mpaka kwenye mboji na shambani, wakapima udongo na mahindi. Hapo ubunifu ulitoka kwenye sufuria ukaingia kwenye rutuba. Kwangu mimi hiyo ni hatua ya mbele kuliko chaja yoyote ya baiskeli, kwa sababu waliuliza kifaa kinaacha nini nyuma yake.

Kuhusu bibi: nilirudi mwaka uliofuata bila mashine, nikakaa nao jioni mbili, nikapukuchua mpaka vidole vikauma. Walicholalamikia ni migongo. Walikaa chini mno, na ungo ulikuwa mbali. Nikamtengenezea kigoda kirefu kidogo chenye sehemu ya kuegemeza ungo mbele. Miguu mitatu, kwa sababu sakafu yake ya udongo si tambarare, na miguu mitatu hukaa imara popote wakati minne huyumba. Jirani mmoja ameshakinakili kwa mbao za mwavuli. Cha kwake kimekaa vizuri zaidi, nimekipima.