Pongezi kwa Mafundi Nyavu wa Mwaloni

Asubuhi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, macho ya wengi huwa kwenye dagaa na sangara. Mimi humtafuta fundi nyavu. Utamkuta amekaa chini, wavu mapajani, sindano iliyojazwa uzi ikipita tundu baada ya tundu.

Kuziba palipochanika ni kazi, lakini ustadi wake hasa uko kwenye kupanga wavu juu ya kamba. Wavu ukivutwa hadi mwisho, macho yake, yaani matundu, hujifunga, samaki hanasi. Kwa hiyo fundi huulegeza: wavu wenye urefu wa meta 100 ukinyooshwa, mara nyingi huufunga kwenye kamba ya meta 50 hivi. Akibana kidogo au akilegeza kidogo, wavu hubadilika tabia kabisa. Ukilegea zaidi humviringisha samaki. Ukikazwa humshika kwenye mashavu. Kisha huja maboya juu na vizito chini, navyo vina hesabu yake. Ni kama fundi cherehani anayeijua nguo itakavyokaa kabla mteja hajaivaa, ila huyu mteja wake yuko chini ya maji.

Ukubwa wa jicho ni jambo zito zaidi. Michael Graham, aliyelichunguza Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, alishauri macho yasipungue inchi 5 ili samaki wadogo aina ya ngege wapone. Fundi anayekataa kuunga vipande vya macho madogo analilinda ziwa kwa mikono yake.

Wenye mitumbwi, mlipeni fundi huyu siku hiyohiyo, msisubiri samaki wauzwe.