Abiria Asiyeona na Wanaomtazama

Katika hadithi fupi za dunia kipofu husafiri sana, lakini ni nadra kuulizwa habari za safari. Husimama kituoni, hupanda tramu, hushuka kwenye gari la moshi, na kila afikapo huwapo mtu mwenye macho aliyekwisha kuwekwa pale na mwandishi ili amtazame. Mtazamaji ndiye mwenye moyo na mashaka. Kipofu hupewa fimbo, miwani myeusi na ukimya. Mimi sina macho, na takriban kila siku hupanda daladala za Unguja. Kwa hiyo kazi hizi nazisoma, au tuseme nasomewa na mpwa wangu, nikiwa nimekaa benchi la upande wa pili, lile ambalo mwandishi hakulikalia.

Tuanze na Clarice Lispector wa Brazil, na hadithi yake ya mapenzi iliyomo katika mkusanyiko alioutoa mwaka 1960. Ana, mama wa nyumbani, yumo ndani ya tramu mjini Rio de Janeiro na mfuko wa nyuzi alioufuma kwa mikono yake, na ndani yake mna mayai. Kituoni amesimama kipofu anatafuna ubani. Huko kutafuna kunamfanya aonekane kama atabasamuye na mara kama aachaye kutabasamu, na Ana anamkazia macho kana kwamba ametukanwa. Tramu inashtuka, mfuko unaanguka, mayai yanavunjika, na kiini kinachuruzika katikati ya nyuzi. Maisha yake yaliyopangika yanapasuka pamoja nayo. Anapitwa na kituo chake, anajikuta katika Bustani ya Mimea, na arudipo nyumbani anamkumbatia mwanawe kwa nguvu hata mtoto anaogopa.

Hadithi hii ni kubwa, wala sisemi hivyo kwa kutanguliza adabu kabla ya lawama. Ila pana sentensi moja ndani yake ambayo wengi huipita. Mayai yavunjikapo, kipofu anaacha kutafuna, ananyoosha mikono yake mbele, anajaribu kulishika lile lililotokea, na halishiki. Kisha tramu inaondoka, na mwandishi anaondoka nayo. Kila asiyeona anaijua saa ile. Daladala inafunga breki, watu wanapiga ukelele, halafu kunakuwa kimya kidogo ambapo macho ya wenzako yanafanya kazi yake, na jawabu wanalo wote isipokuwa wewe. Unauliza, “Kuna nini?” Jirani anakujibu kwa upole kabisa, “Hamna kitu, mzee wangu.” Kitu huwapo kila mara. Lispector aliiona mikono ile kwa usahihi unaotisha, na bado hakuna hata mtu mmoja ndani ya tramu anayemwambia yule bwana kwamba ni mayai tu.

Mmarekani Raymond Carver naye ana hadithi mashuhuri ya kanisa kuu, iliyolipa jina kitabu chake cha mwaka 1983. Kipofu aitwaye Robert, aliyefiwa na mkewe karibuni, anakuja kwa gari la moshi kumtembelea rafiki yake wa zamani. Mume wa rafiki huyo, ambaye ndiye msimulizi, hamtaki mgeni huyu, na upofu anaujua kwa sinema tu. Wahakiki aghalabu hukimbilia mwisho wa hadithi, pale mikono miwili inapolichora kanisa juu ya karatasi. Mimi hubaki sebuleni, mwanzoni, pale mwenyeji aliyekosa la kusema anapomuuliza mgeni alikaa upande gani wa gari. Mkewe anamkaripia: swali gani hilo la kumuuliza mtu asiyeona! Robert hakereki. Anajibu kwamba alikaa kulia, na anaongeza kwamba hakuwa amepanda gari la moshi kwa karibu miaka arubaini.

Nimesikia msomaji akilicheka swali hilo kwa upumbavu wake. Kwangu ndilo swali la pekee, katika sehemu yote ya mwanzo, linalomchukulia Robert kuwa ni abiria. Mume anauliza kwa ajili ya mto Hudson, anaodhani unafaidiwa na macho peke yake. Lakini walau ameuliza kama aulizwavyo mtu yeyote atokaye safari. Mke, kwa huruma yake, ameifuta safari nzima. Huruma ya namna hiyo tunayo kwa wingi kwetu. Ni ile ya abiria anayemuuliza utingo, “Huyu anateremka wapi?” ilhali mimi nimekaa goti kwa goti naye. Ni ile ya mkono uninyakuao kiwiko na kunivusha barabara ambayo sikutaka kuivuka. Na ni ya yule aliyeniona nikinyoosha kiganja kutafuta chuma cha kushikia, akanitilia sarafu. Nilimrejeshea, akaona haya, nami nikaona haya kwa ajili yake, na kile chuma bado nilikuwa sijakipata.

Wa kumtolea hoja hawa wote ni Taha Hussein wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1889, akapoteza macho utotoni, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha “Siku”, kijana anaishi Cairo na kila siku hupita njia ileile kwenda na kurudi kutoka makazini. Shavu lake la kulia hupatwa na joto dogo na moshi humkera puani. Upande wa kushoto huja sauti ngeni inayomshangaza. Siku kadhaa zinapita, naye anaona haya kuuliza. Baadaye ndipo anapofahamu kuwa ni maji ya kiko, hii iitwayo sasa shisha, yakivutwa na wachuuzi wa mtaa. Hapa mambo yamegeuka. Wageni wa njiani ndio wanaochunguzwa, nao ni joto, moshi na mbubujiko. Hatuambiwi nyuso zao, wala hatuzikosi. Na haya ile ya kuuliza, ambayo mwenye macho hawezi kuibuni, imewekwa pale bila kuliliwa.

Lugha yetu yenyewe imejiandaa vizuri kwa uandishi wa namna hii kuliko tunavyoitumia. Yapo malalamiko kwamba Kiswahili kimemtia kipofu katika umbo la vitu, pamoja na kiti na kikapu. Sina haraka ya kulalamika, maana kiongozi naye yumo humo, na katika upatanisho sarufi humrudishia kila mmoja utu wake: kipofu huyu, si hiki. Tena Mswahili huona baridi, huona njaa, huona haya, na katika hayo macho hayana kazi. Abiria akiniambia “tutaonana”, kisha akashtuka na kuniomba radhi, huwa ameidharau lugha yake, si mimi.

Ndipo ninaposhangazwa na washairi wetu. Utungo wa mwambao ni mali ya sikio. Mizani nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, hesabu yote hiyo hufanywa bila jicho, na shairi halijakamilika mpaka lighaniwe. Juu ya hayo, kipofu aingiapo katika ubeti huja kama mfano wa mjinga asiyejua haki, au wa mpenzi asiyeona kasoro. Hateremki kituoni, hadai chenji, hachoshwi na wale wanaompazia sauti kana kwamba masikio nayo yamekufa. Yupo yule msumbufu mkubwa, amshikaye mtu bega na kusema, “Nijue mimi nani!” kisha akanyamaza kusubiri daladala nzima isikie kama nimefaulu mtihani. Huyo anastahili malumbano ya beti ishirini, na sijapata kumsikia katika ubeti hata mmoja.

Na lile swali la Carver kwetu lina jawabu. Atokaye mjini kwenda Bububu, bahari iko kushoto kwake. Njia hiyo hata reli ilikuwa nayo, iliyoanza mwaka 1905, na jina la Bububu lenyewe wapo wasemao limetoka katika sauti, wengine ya gari la moshi, wengine ya chemchemi. Daladala yenye mabenchi ya ubavuni, ukikaa benchi la kushoto upepo wa Maruhubi na Mtoni hukupiga kisogoni. Ukikaa la kulia hukujia usoni, ukipenya baina ya mabega ya waliokukabili, na akiteremka mmoja wao utajua kabla utingo hajataja kituo. Mimi hukaa kulia, na wakati wa kurudi hukaa kushoto.