Unene wa Mstari na Upana wa Ukanda: Uhakiki wa Mitindo ya Alama katika PDF za Kijiografia za Ufuko wa Bujumbura

1.0 Utangulizi

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa mwanasheria, mita 150 ni tarakimu. Kwa mpimaji ardhi, ni umbali unaoanzia kwenye mstari wa ufuko. Kwa mshauri wa sera aliyeketi ofisini Bujumbura, ukanda huo kwa kawaida ni rangi fulani ndani ya faili ya PDF aliyotumiwa kwa barua pepe. Baina ya tarakimu ya sheria na rangi hiyo pana hatua ambayo taarifa za miradi huipita kwa sentensi moja au huinyamazia kabisa: programu ya kugeuza data ilitwaa maumbo yasiyo na sura, ikayapa unene, rangi, mpangilio na lebo. Makala haya yanaihakiki hatua hiyo. Yanashikilia kwamba mtindo wa alama katika PDF ya kijiografia ni sehemu ya madai ambayo ramani inayatoa kuhusu ardhi, na kwa hiyo unastahili kukaguliwa kwa ukali uleule unaotumika kukagua koordinati.

Uzito wa suala hili hauhitaji kutafutwa mbali. Mwaka 2014, mafuriko ya Februari yaliua watu na kubomoa nyumba katika mitaa ya kaskazini ya jiji, ikiwemo Kamenge, Kinama na Buterere. Aprili 2020, mto Rusizi ulifurika Gatumba na kuwahamisha maelfu ya wakazi. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachokaribiana na kile cha mwaka 1964, na maji yakaingia katika nyumba za Kibenga na Kajaga. Kila tukio la namna hii huzalisha ramani, na kila ramani huishia kuwa PDF, kwa kuwa PDF hufunguka kwenye simu na kwenye kompyuta yoyote ya ofisi bila programu maalumu ya ramani. Watu wanaoamua nani ahame na nani abaki mara nyingi hawajawahi kuiona data yenyewe. Wameona sura yake tu.

2.0 Maumbo Yasiyo na Sura

Muundo wa Shapefile, ambao bado ndio hutumika zaidi kubadilishana data za kijiografia, hubeba maumbo na jedwali la sifa zake. Haubebi rangi wala unene. PDF iko kinyume kabisa: ndani yake hakuna mstari unaoonekana bila kuchorwa kwa unene fulani na rangi fulani. Anayegeuza data kutoka muundo wa kwanza kwenda wa pili analazimika kuongeza kitu ambacho hakikuwemo, na asipokiongeza yeye, programu itakiongeza kwa niaba yake. Thamani za msingi za programu ziliwekwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria ufuko wa Kinindo.

Zana zenyewe hazina upungufu mkubwa. Maktaba ya GDAL huandika PDF ya kijiografia na kusoma maelezo ya kalamu, brashi, alama na lebo yaliyofungamanishwa na kila umbo. FME ya kampuni ya Safe Software ina kichakataji kiitwacho PDFStyler kinachoweka sifa hizo kabla ya faili kuandikwa. QGIS imeweza kutoa PDF ya kijiografia tangu toleo 3.10 la mwaka 2019. Kwa upande wa viwango, kuna njia mbili za kuingiza koordinati ndani ya PDF: moja iliyochapishwa na shirika la OGC kama utaratibu bora, nyingine iliyoanzia kwa Adobe na kuingizwa katika kiwango cha ISO cha PDF 2.0 mwaka 2017. Zote mbili zinashughulikia mahali kitu kilipo. Hakuna inayosema kitu hicho kionekane vipi, na pengo hilo ndilo linaloachiwa fundi wa mwisho katika mnyororo, mara nyingi usiku wa kuamkia mkutano.

Data za wapimaji ardhi huja na taabu ya aina nyingine, kwani huwa katika michoro ya AutoCAD yenye rangi zake tayari. Rangi namba 7 ya programu hiyo huonekana nyeupe juu ya skrini nyeusi na nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Ugeuzaji unaoitafsiri kuwa nyeupe daima hutoa mipaka ya viwanja iliyomo ndani ya faili, yenye koordinati sahihi, isiyoonekana na mtu yeyote.

3.0 Wino Unaofunika Nyumba

Kiini cha uhakiki huu kiko katika unene wa mstari. Katika PDF unene hupimwa kwa kizio cha ukurasa, ambacho kwa kawaida ni pointi, yaani sehemu moja ya 72 ya inchi, takriban milimita 0.35. Kwenye ramani ya skeli ya 1:10,000 pointi moja ni sawa na mita 3.5 ardhini. Kwenye skeli ya 1:50,000 ni zaidi ya mita 17. Mpaka wa ukanda wa hifadhi uliochorwa kwa pointi 1.5 katika skeli hiyo ya pili unafunika takriban mita 26 za ardhi, nusu kila upande wa mpaka halisi. Ukanda wenyewe, mita 150 nzima, una upana wa milimita 3 tu kwenye karatasi. Mstari mmoja wa mapambo unachukua zaidi ya sehemu ya sita ya kile unachodai kukizungushia, na katika mitaa iliyosongamana nyumba kadhaa zinaweza kuingia chini ya wino huo.

Mshauri makini atafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya: ataikuza PDF hadi asilimia 800 ili aone nyumba iko upande gani. Hapa PDF inamwendea kinyume na matarajio. Katika programu za ramani za skrini, mstari hubaki na unene uleule wa pikseli kadiri mtu anavyosogea karibu, kwa hiyo kukuza huleta uwazi. Katika PDF unene ni sehemu ya ukurasa. Ukurasa ukikuzwa, mstari hukua nao. Wino uliofunika mita 26 kwa mbali unafunika mita 26 kwa karibu. Wakati huohuo kielekezi cha programu ya kusomea PDF kinaonyesha latitudo na longitudo kwa desimali nyingi, na msomaji anapata hisia kwamba anapima, ilhali anasoma koordinati za katikati ya doa la wino. Ubora wa PDF ya kijiografia, yaani uwezo wake wa kujibu swali la mahali, ndio unaoipa kosa hili heshima ya ushahidi.

Baadhi ya mafundi wamejaribu kuikwepa hali hiyo kwa kuweka unene wa sifuri. Kiwango cha PDF kinaruhusu thamani hiyo na kuitafsiri kuwa mstari mwembamba kuliko yote ambayo kifaa kinaweza kuchora. Kwenye skrini ni pikseli moja, na haunenepi unapokuzwa. Kwenye printa ya nukta 1,200 kwa inchi ni uzi ambao macho hayaupati. Ramani hiyohiyo basi ina mpaka inapoonyeshwa ukutani kwa projekta na haina mpaka inapogawiwa kwa karatasi. Ni vigumu kufikiria kasoro inayofaa zaidi kuzua ugomvi kati ya wataalamu na wakazi, maana kila upande unasema kweli juu ya kile unachokiona.

Suluhisho lenye mantiki ni kuacha kuuchora mpaka kama mstari. Ukanda ugeuzwe kuwa poligoni yenye ujazo wa rangi na isiyo na mstari wa nje. Hapo ukingo wa rangi ndio mpaka, nao hubaki kamili katika kila kiwango cha ukuzaji. Panapokuwa na shaka ya vipimo, shaka hiyo nayo ichorwe kama poligoni ya pili kwa mita za ardhini, kabla ya ugeuzaji kufanyika. Kazi hii si ngumu. Inadai tu kwamba anayeandaa data ajue mapema skeli ya ukurasa, jambo ambalo hadidu za rejea aghalabu hazilitaji.

Linabaki swali la ufuko gani. Ziwa lililopanda katika uwanda tambarare wa Rusizi husogeza ufuko mbali kuliko linavyousogeza kwenye kingo za mawe za kusini. Ukingo wa buluu wa ramani ni ufuko wa siku moja, siku ambayo picha ya setilaiti au ya ndege ilipigwa. Ikiwa tarehe hiyo haimo katika mtindo, kwa lebo au kwa aina tofauti ya mstari kwa kila mwaka, mita 150 zinahesabiwa kutoka mahali ambapo msomaji hawezi kupahoji.

4.0 Ufunguo Usiofungua

Kiswahili kinaliita sanduku la maelezo ya alama ufunguo, na jina hilo linabeba ahadi. PDF imeruhusu rangi zinazopenya tangu toleo 1.4, na waandaaji wa ramani za mafuriko wanazipenda kwa sababu huacha barabara na nyumba zionekane chini yake. Lakini nyekundu ya nusu upenyevu ikilala juu ya njano hutoa chungwa, na chungwa halimo katika ufunguo. Msomaji analazimika kukisia kama ameona aina ya tatu ya hatari au makutano ya aina mbili. Mpangilio wa uchoraji huongeza utata huo: kinachoandikwa mwisho hukaa juu, hivyo poligoni za mitaa zikifuata mito katika mtiririko wa ugeuzaji, Ntahangwa na Muha hupotea chini ya rangi za mitaa inayopitiwa nayo.

Kisha kuna mashine ya kunakilia. Nakala zinazofika kwenye ofisi za tarafa kwa kawaida ni nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani za ukolezi mmoja hutoka kijivu kilekile. Mistari ya mshazari ingehimili safari hiyo.

Majina ya matabaka ni suala dogo lakini linaudhi. PDF humwezesha msomaji kuwasha na kuzima tabaka, ila orodha anayoiona imejaa majina ya safu za hifadhidata, yenye vifupisho vya Kifaransa na vistari vya chini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2021, na Buyenzi imekizungumza tangu enzi za ukoloni. Jina la tabaka ni maandishi tu. Kuliandika kwa Kirundi na Kiswahili hakugharimu chochote cha kiteknolojia.

5.0 Kanuni Inayopotea

PDF hukumbuka amri za uchoraji na kusahau sababu zake. Inajua kwamba poligoni fulani ni nyekundu. Haijui kwamba ni nyekundu kwa sababu thamani katika safu ya hatari ilizidi kiwango fulani. Athari ya usahaulifu huo ilijitokeza wazi kwa sheria ya Machi 2023 iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, mgawanyo ulioanza kutumika na uchaguzi wa 2025. PDF zote zilizopakwa rangi kwa mikoa ya zamani haziwezi kupakwa upya kutoka ndani. Ni lazima ugeuzaji urudiwe, na unaweza kurudiwa kwa uaminifu pale tu kanuni ya rangi ilipohifadhiwa nje ya faili.

Hapa programu za kugeuza data zina nguvu ambayo haijatumiwa vya kutosha. Mtindo unaweza kusomwa kutoka kwenye jedwali: msimbo wa aina ya kitu, rangi, ujazo, upana kwa mita za ardhini, nafasi katika mpangilio, jina kwa kila lugha, tarehe ya chanzo. Idara ya jiolojia ya Marekani inayochapisha ramani za US Topo katika muundo wa PDF ya kijiografia tangu 2009 huamua alama zake mara moja kwa mfululizo mzima, ndiyo maana karatasi mbili zinazopakana husomeka kama ramani moja. Mkoa mpya wa Bujumbura, unaounganisha jiji na yaliyokuwa maeneo ya Bubanza na Cibitoke, unahitaji jedwali la namna hiyo, na kwa ramani za ufuko jedwali hilo liambatanishwe na kila PDF inayopelekwa kwa waamuzi, pamoja na skeli ambayo upana wake ulikokotolewa na tarehe ya ufuko uliotumika. Mkazi wa Kajaga anayeambiwa nyumba yake imo ndani ya mita 150 ataweza kuuliza 150 kutoka wapi, na afisa wa tarafa atakuwa na safu ya kumwonyesha.