257 ndani ya kadi ya memori

Umepeleka kadi yako kurushiwa filamu kwenye kibanda karibu na soko la Ruvumera, hapa Buyenzi. Kadi ina nafasi ya GB 20, filamu ina GB 5, na bado kompyuta inagoma: faili ni kubwa mno. Kadi si mbovu. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32 tu, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 4,294,967,295. Baiti moja ikizidi, haiingii.

Namba hiyo ni 2³² toa 1. Tuipasue bila kikokotoo. Kwa kuwa 2³² ni mraba wa 2¹⁶, kanuni ya tofauti ya miraba, ileile ya sekondari, inatupa (2¹⁶ − 1)(2¹⁶ + 1). Mabano ya kwanza yanapasuka tena hivyohivyo, na tena, hadi tunapata 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zote tano ni namba tasa. Na 257 hapa mjini nani asiyeijua? Ndiyo inayotangulia namba za simu za Burundi. Imeangukia hapo kwa bahati tu. Sidhani waliogawa misimbo ya nchi waliwaza utasa.

Tano hizi ni ukoo mmoja: 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha jumlisha 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliamini kwamba ukoo mzima ni tasa. Wa sita ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, na hapo ndipo alipoumbuka. Mwaka 1732 Leonhard Euler aliipasua: 641 × 6,700,417.

Ukijaribu namba tasa moja moja tangu 2, utakwama mara 115 kabla ya kufika 641. Kazi ya punda. Euler alikuja kuthibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1, basi zinabaki 193, 257, 449, 577, ndipo 641. Mwaka 1878 Édouard Lucas alikaza zaidi: si 64, ni 128. Sasa kabla ya 641 imesalia 257 peke yake, nayo haihitaji hata kujaribiwa. Inagawa 4,294,967,295 bila baki, kwa hiyo kwenye namba iliyozidi kwa 2 itabakiza 2.

Kilichobaki ni 641, nayo pia haina haja ya kugawanywa kwa mkono. Ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Kwa umbo la kwanza, 5 × 2⁷ imepungua 1 tu ili ifike 641, kwa hiyo tukitazama baki za kugawa kwa 641 pekee, inahesabika kama −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4, na 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1. Kwa umbo la pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ibadilishe: −2³² ni 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu.