Mstari wa Kwanza

Katika kazi za mikono na akili ambazo nimejaliwa kuzitazama kwa karibu katika nyanda hizi za juu za Kigoma, baina ya Kasulu na Kibondo, ambako udongo ni mwekundu, migomba husimama nyuma ya kila nyumba, na vumbi la kiangazi huingia hata ndani ya saa iliyofungwa, sioni hata moja iliyopunjwa sifa zake kama kazi ya mtu anayeketi mbele ya kompyuta iliyokataa kupokea programu, akaitafuta sababu ya kukataa kwake mpaka akaipata. Mshoni husifiwa kwa nguo, mwashi kwa ukuta, mrina asali wa Kibondo kwa asali yake. Lakini huyu, amalizapo kazi, hana cha kuonyesha ila mashine inayofanya leo jambo ambalo jana ililikataa, na mwenye mashine, kwa kuwa hakuona kilichotendeka, hudhani hakikutendeka kitu, na malipo huyatoa kwa kusitasita.

Nasema juu ya kompyuta za mfumo huria, ule wa Linux, ambao kiini chake Linus Torvalds alikitoa kwa walimwengu mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Na hasa nasema juu ya ukoo wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, na juu ya mtoto wake Ubuntu, aliyezaliwa Oktoba 2004 kwa mali na hima ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo lilitwaliwa katika lugha za kusini mwa bara letu. Lakini mzee wa Kasulu akilisikia hangoji mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na katika Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kitolewacho kubuntu ni kitu kitolewacho bure. Limo hata toleo moja la mfumo huo liitwalo Kubuntu, na nimemwona mzee mmoja akicheka mpaka akafuta machozi alipoambiwa kwamba watu wa mbali wamekipa chombo chao neno la nyumbani kwake pasipo kujua. Wala jina halikuwa la uongo, maana mpaka mwaka 2011 santuri za mfumo huo zilipelekwa kwa posta, pasipo malipo, kwa kila aliyeziomba.

Bure hiyo, hata hivyo, ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyozaa ufundi ninaousifu. Mafundi wengi wa vibandani, mashine ikiwashinda, hupiga windo upya, ndivyo tusemavyo, yaani hufuta vyote vilivyomo na kuanza safari toka mwanzo. Nayo ni tiba, sikatai, lakini ni tiba ya mganga ambaye kila mgonjwa, wa jino na wa mguu, humpa dawa moja. Mfumo huria haumzuii mtu kufanya hivyo, lakini humfedhehesha kidogo afanyapo, kwa sababu ulikuwa umekwisha kumwambia ugonjwa ni nini.

Programu katika ukoo huu haiji peke yake. Huja katika kifurushi (neno ambalo kwa bahati mbaya ndilo hilo hilo tuitialo bando la intaneti, hata ikawa mtu hununua kifurushi ili aletewe kifurushi), na ndani ya kifurushi mna karatasi ya maelezo inayotaja jina, toleo, na vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo pasipo hivyo hicho hakitaishi. Kitegemezi nacho kina vitegemezi vyake, kama mgeni aliyealikwa karamuni akaja na wajomba, na wajomba wakaja na watani wao. Mpokezi wa vifurushi huitwa dpkg, ambaye Ian Jackson alimwandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994. Naye mjumbe aendaye ghalani kuvitafuta vyote na kuvipanga kwa zamu ni apt, aliyekuja mwaka 1998. Ghala lenyewe li ughaibuni, na kila orodha itokayo humo ina muhuri na tarehe, ili mjumbe asiletewe bidhaa ya walaghai akaidhania ya ghala.

Juu ya tarehe hiyo ndipo nilipoaibika.

Shule moja ya sekondari ya Kibondo, ambako nilikuwa nikifundisha hesabu, ilikuwa imepata kompyuta sita zilizokwisha kutumika, nami nilitamani kuweka humo GeoGebra, programu ya kuchora maumbo ambayo huzifanya pembetatu na duara kusogea machoni pa mwanafunzi kama vitu vyenye uhai. Nikachomeka modemu, nikaweka bando, nikatoa amri. Mashine ikanijibu kwa mistari kumi na kitu ya Kiingereza, nami nikausoma wa mwisho, uliosema kwamba baadhi ya fahirisi hazikuweza kuletwa na kwamba za zamani zitatumika badala yake. Hazikuweza kuletwa! Nikahukumu kwamba kosa ni la mtandao. Nikahamisha modemu dirishani, nikaipandisha juu ya kabati, nikanunua vocha ya pili, nikarudia amri ile ile mara saba kwa sauti ya moyo iliyozidi kuwa kali, na bando likakaribia kuteketea.

Siku ya tatu nikampigia simu binti mmoja wa Kasulu, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu na sasa ana meza yake ya ufundi karibu na soko. Alikuja, akaniamkia shikamoo, akakataa chai mpaka kwanza aione mashine, akatoa amri mara moja tu, kisha akaipandisha mistari ile kwa kidole mpaka juu kabisa.

"Mwalimu, mstari huu uliusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Ulisema kwamba orodha ya ghala si halali bado, na kwamba haitakuwa halali mpaka zipite siku 400 na ushei.

"Haisemi kwamba haikupata barua," alisema. "Inasema imepata barua ya mwakani."

Ndipo nilipotazama pembeni mwa kioo, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yakipita kila siku bila kusimama, nikaona kwamba kompyuta ilikuwa ikiishi katika mwaka uliopita. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma, na mtu fulani aliyetutangulia alikuwa ameizima huduma ya kuisawazisha kwa mtandao. Kwa hiyo kila orodha mpya iliyofika kutoka ghalani ilikuwa kwake ni karatasi yenye tarehe ambayo haijafika, na karani mwaminifu, akiletewa hati ya namna hiyo, afanye nini ila kuikataa? Mashine niliyoituhumu kwa ukaidi ilikuwa imefanya insafu. Tena ilikuwa imeieleza sababu yake kwa lugha ninayoifahamu vizuri, katika mstari wa kwanza.

Husemwa kwamba lugha ndiyo kizuizi cha watu wetu mbele ya mashine hizi, na katika neno hilo mna haki. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili, ikapewa jina la Jambo OpenOffice. Lakini mimi Kiingereza ninakijua, na sikusoma. Nilichokosa si lugha, ni staha: niliyaona yale maneno kuwa kelele za kitu kilichoharibika, ilhali binti yule aliyachukua kama maneno ya shahidi aliyekuwapo. Tena alijua jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya kusahihisha madaftari, ningepaswa kulijua: mwanafunzi akikosea mwanzoni mwa hesabu, makosa yanayofuata ni wajukuu wa lile la kwanza, na mwenye kusahihisha jibu la mwisho peke yake atasahihisha mpaka jua litue.

Akaiweka saa sawa kwa amri moja. Lakini amri haiponyi ugonjwa wa saa isahauyo, kwa hiyo akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta, akapuliza vumbi jekundu lililolala juu ya bodi kama unga, akachokoa kwa ukucha betri ndogo ya kitufe, mviringo kama sarafu, akanionyesha namba iliyochongwa juu yake: 2032, yaani kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ilikuwa imekufa. Betri hiyo ndiyo huiwezesha saa kwenda wakati umeme haupo, na katika Kibondo ya siku zile za majenereta ya dizeli, wakati umeme haupo ulikuwa sehemu kubwa ya wakati wote.

Salio la bando lilitosha kuleta fahirisi tu, si vifurushi. Sasa alifanya jambo ambalo sijaacha kulistaajabia: aliiamuru mashine isilete kitu, bali iandike tu katika faili kile ambacho ingekileta, na ikaandika, kwa kila kifurushi mstari mmoja, wenye anwani yake, jina lake, ukubwa wake kwa baiti na alama ya kuuhakiki uzima wake. Niliipitia orodha ile kwa mshangao. GeoGebra ilidai Java. Java ilidai vyeti vyake na maktaba kadhaa, mojawapo ya mambo ya sauti, hata nikauliza pembetatu huimba lini. "Hiyo si ya GeoGebra, Mwalimu, ni ya Java," alinijibu. Akaitia orodha katika flashi, betri iliyokufa katika pochi, akapanda basi la Kasulu.

Alirudi kesho yake alasiri, nguo zimebadilika rangi kwa vumbi la barabara. Vifurushi alikuwa amevivuta Kasulu, na betri alikuwa ameipata kwa fundi saa wa sokoni, ambaye huziweka katika kopo la maziwa pamoja na mikanda na vioo. Akaiweka betri mahali pake na saa sawa, akavimwaga vifurushi katika chumba ambamo apt huweka mizigo yake, akatoa amri ya kusakinisha. Mjumbe, badala ya kwenda ughaibuni, akaikuta mizigo tayari mlangoni, akaihakiki mmoja mmoja kwa alama yake, akaifungua yote, akaanza kuisanidi. Hapo umeme ukakatika.

Nakiri kwamba mimi ndiye niliyesema tufute vyote tuanze upya. Yeye alikaa kwenye kiti akala ndizi. Umeme uliporudi na mashine ikaamka, aliirudia amri ya kusakinisha, nayo ikasema kwamba dpkg aliingiliwa kazini, na ikataja yenyewe amri ya kumrudisha. Maana dpkg ana daftari, na humo kila kifurushi huandikwa hali yake, kama kimefunguliwa tu, au kimesanidiwa nusu, au kimetulia, ili kiza kikiingia ghafula asiwepo wa kusema hakumbuki alipoachia. Akaandika amri ile kama ilivyotajwa, neno kwa neno. Majina ya vifurushi yakapita kiooni, kimoja baada ya kimoja, kisha yakakoma. Akairudia amri mara ya pili, na safari hii mashine haikujibu kitu.

"Mbona kimya?" niliuliza.

"Haina la kusema, Mwalimu."

Nilikuwa na hamu ya kuiona GeoGebra ikifunguka, lakini yeye alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akanawa mikono, akanywa chai yake aliyoikataa jana yake, mpaka kikombe kikaisha. Ndipo akaiwasha tena, na kabla ya kugusa programu yoyote akainamia pembe ya kioo. Ilisoma 16:35. Akageuza mkono, akatazama saa yake ya mkononi, iliyosema saa kumi na dakika thelathini na tano.